Ukungu Kati ya Milima
Mwaka 1072, Guo Xi wa China alichora milima kwa wino juu ya hariri. Hakutuweka mahali pamoja. Tukiwa chini tunainua macho kileleni. Tunachungulia bonde nyuma ya miamba. Kisha tunaona nchi ikienda mbali. Picha inatutembeza.

Tangu tumzike mtoto wetu, tunaitazama sana picha hiyo nyumbani. Tukisimama kaburini tu, twaona udongo. Hatuukani, tuliushika kwa mikono yetu. Lakini imani hutushika mkono, tukapiga hatua nyingine.

Kati ya milima mchoraji aliacha ukungu. Hapo si patupu. Ndipo milima inapounganika. Wapendwa, tusiyoyaona bado yamo mikononi mwa Bwana. Tutembee.