Dimbwi la Njia ya Ruangwa

Anayesafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zinaaga, huona kando ya barabara madimbwi yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mengi ni mashimo yaliyochimbwa kifusi. Kwa miaka mingi niliyapita nikitazama mikorosho na ufuta, mpaka mwaka juzi mwanangu aliponiomba nisimamishe pikipiki. Alichota kwa kipande cha chandarua, akaniletea kiganjani samaki asiyezidi kidole kidogo kwa urefu, mwekundu mkiani, mwenye magamba ya buluu yanayometa.

“Baba, huyu ametoka wapi? Mwezi wa kumi hapa palikuwa vumbi.”

Wanasayansi huiita jamii hii Nothobranchius, na bonde la Mto Mbwemkuru ni miongoni mwa makazi yake. Jike hutaga mayai ndani ya tope. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa. Mayai hubaki ardhini kiangazi kizima, ukuaji wake umesimama, mpaka mvua irudi. Wala si yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza: mengine husubiri, ili mvua ikidanganya kizazi kisiishe. Atokaye yaini hana muda wa kupoteza, na baadhi ya aina hupevuka kabla ya kutimiza mwezi. Msomaji wa Qur’ani anajua ni mara ngapi tumetakiwa tuitazame ardhi iliyokufa inavyohuishwa kwa maji. Nakiri kwamba nilipokuwa nikiifundisha maana hiyo madrasa, mawazo yangu yaliishia kwenye majani.

Tulirudi nyumbani na samaki watano ndani ya dumu, na hapo ndipo nilipokosea. Niliwatia madume wawili katika beseni moja. Kufikia Ijumaa mmoja alikuwa amechanwa mapezi, amekufa. Mwingine aliruka nje usiku kwa sababu sikufunika. Waliosalia wakaota vumbi la dhahabu mwilini, ambalo nililidhani ni pambo. Kumbe ni ugonjwa wa vijidudu, unaowashambulia sana samaki hawa.

Dawa yake ya kinga ni chumvi. Wafugaji wa jamii hii, ambao wako mpaka Ulaya na Marekani, huyafanya maji yawe na chumvi kidogo sana. Mimi hutia kijiko kimoja cha chai kwa lita kumi. Samaki wa mikokoni kule Lindi, Mto Lukuledi unapokutana na bahari, wamezoea chumvi zaidi ya hiyo. Huyu wa dimbwi ni wa maji baridi, akizidishiwa ataumia. Dume mmoja akae na majike wawili au watatu, chombo kiwe kipana chenye kifuniko, na maji ya bomba yalale siku nzima wazi kwanza ili dawa iliyomo ipungue. Chakula chao ni kilicho hai, hasa viluwiluwi vya mbu, ambavyo Nachingwea havinunuliwi. Mwaka 1941 mtafiti F. L. Vanderplank alikwisha kuandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki juu ya samaki hawa kama wapinzani wa malaria.

Nikapendekeza katika kikao cha kamati tuwatie kwenye birika la udhu. Mzee wetu mmoja akauliza: “Katibu, maji uliyoyatia chumvi yatafaa kwa twahara?” Swali zuri. Katika madhehebu ya Shafi wanazuoni hutofautisha chumvi itokanayo na maji, ambayo haiyaondolei maji utohara wake, na chumvi ya mlimani, ambayo ikiyabadilisha mno huyaharibu. Chumvi tunayoiita ya mawe sokoni kwetu hukaushwa kwa jua kutokana na maji ya bahari huko pwani, hivyo ni ya maji, licha ya jina lake. Mzee aliridhika na jibu, lakini hakuridhika na jambo. “Mnawafunga viumbe wa Mungu kwa raha ya macho.” Nilimtajia Abu Umair, mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Naye akanijibu kwa yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula. Hadithi zote mbili ni sahihi, nami nilikuwa nimeshaua wawili.

Tukabaki na tope la chini ya beseni. Mwanangu alilikamua, akaliacha na unyevu kidogo, akalifunga katika mfuko wa plastiki na kuuandika tarehe. Ukakaa juu ya kabati kiangazi chote.

Desemba tulipopita tena, dimbwi halikuwapo. Barabara ilikuwa imepanuliwa, na shimo limejazwa kifusi na kushindiliwa. Usiku ule tulimimina maji ya mvua juu ya lile tope. Asubuhi, kabla sijamaliza nyuradi zangu, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni na tochi akihesabu: kumi na mmoja, kila mmoja mwembamba kama uzi.

Anataka tuwarudishe. Wataalamu huonya dhidi ya kuchanganya samaki wa madimbwi tofauti, kwa kuwa kila bonde lina watu wake. Lao halipo tena. Mzee wa kamati sasa hupita kila baada ya Alasiri kuwatazama, na juzi alikuja na kopo la viluwiluwi.