Safari ya Wamunyu: Tezo na Daftari

Mtu akitoka Nairobi kwenda Machakos, safari ya kilomita 60 hivi, kisha akashika barabara ya kuelekea Kitui, huiona nchi ikibadilika mbele yake kidogo kidogo. Vilima vyenye matuta yaliyojengwa kwa jembe na jasho hubaki nyuma, na mahali pake huja nchi ya joto, yenye udongo mwekundu na miti ya miiba. Huku mvua ni mgeni asiyeaminika. Mwaka mmoja mahindi hujaza ghala, na mwaka wa pili hukauka yangali na urefu wa goti. Ndipo lilipo soko la Wamunyu, mji mdogo ambao mwenye haraka aweza kuupita bila kuutazama. Walakini twiga na swara waliochongwa hapa wamekaa juu ya meza za watu wa Ulaya na Marekani tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Nilikwenda huko kwa sababu moja. Vijana wengi wa siku hizi husema kwamba biashara ndogo haikui, ila mtu awe na mtaji mkubwa au ndugu mwenye cheo. Nilitaka kuona watu walioanza na shoka na kipande cha mti tu.

Utaisikia kazi yao kabla ya kuiona. Chini ya vibanda, wanaume huketi juu ya magogo mafupi wakichonga kwa tezo, na vibanzi huwarukia miguuni. Mmoja hukata gogo kwa msumeno, mwingine hutoa umbo, na mwingine hufanya masikio na macho kwa patasi na kisu. Kisha vinyago hupewa akina mama na vijana, nao huvisugua kwa msasa na kuving'arisha kwa nta. Hivyo mti mmoja hulisha nyumba kadhaa kabla haujamfikia mnunuzi.

Asili ya kazi hii yajulikana. Wakamba walikuwa wakichonga vigoda na miiko tangu zamani, lakini kuchonga vinyago vya kuuza kulianzishwa na mtu wa Wamunyu, jina lake Mutisya wa Munge. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi, katika kikosi kile ambacho jina lake la Kiingereza limetuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Huko Tanganyika aliwaona mafundi wakichonga sanamu za watu na wanyama, akajifunza. Wengi walirudi kutoka vita hivyo na maradhi tu, na maelfu hawakurudi kabisa. Yeye alirudi na ufundi, akaanza kuchonga na kuuza, na jamaa na majirani wakamfuata.

Tufikiri vema juu ya jambo hili. Mutisya hakuleta ufundi peke yake, bali alileta pia habari ya kwamba yuko mtu mahali fulani aliye tayari kulipa fedha kwa kazi ya namna hiyo. Ufundi usio na mnunuzi ni mchezo wa jioni. Baada ya vita vya pili, vilivyokwisha 1945, Wakamba walifunga vinyago katika magunia wakaenda navyo Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, wakaketi mbele ya hoteli na bandarini. Hawakungoja mnunuzi aje Wamunyu. Katika miaka ya 1950 mali yao ilikuwa ikipakiwa melini kwenda ng'ambo.

Lakini biashara ikinawiri, huzaa taabu zake. Mzee mmoja niliyeketi naye alinieleza hivi: “Bwana karani, nikichonga kifaru leo kikapata bei nzuri, kesho utaona vifaru arobaini. Keshokutwa mchuuzi atatuzunguka mmoja mmoja, na yule mwenye njaa kuliko wote ndiye atakayetupangia bei sisi sote.” Sijapata kusikia somo la uchumi lililo fupi kuliko hilo.

Dawa waliyoitafuta ni umoja. Mnamo 1963 wachongaji Wakamba waliokuwa Mombasa waliunda chama cha ushirika huko Changamwe, na Wamunyu nayo ina chama chake. Utaratibu wake si mgumu. Kila mwanachama ana namba yake, nayo huandikwa juu ya kazi yake pamoja na bei. Vinyago huwekwa katika duka moja. Kinapouzwa kimoja, chama hukata sehemu kidogo kwa gharama zake na mwenye namba hulipwa zilizobaki. Hivyo mnunuzi hawezi kuwagombanisha mafundi wawili, na mwenye kazi mbovu hujulikana kwa namba yake. Kweli, vyama vingine vya ushirika nchini vimeharibiwa na viongozi wenye mikono mirefu. Kwa hiyo mwanachama asiyehudhuria mkutano wala kuuliza hesabu asishangae akikuta sanduku tupu.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa zaidi, maana nami kazi yangu ni daftari. Wachongaji wengi huhesabu fedha zinazoingia, wala hawahesabu zinazotoka. Tufanye mfano. Fundi amenunua gogo kwa shilingi 600, msasa na nta kwa shilingi 100, amemlipa msuguaji shilingi 200, na nauli ya kwenda kuuza ni shilingi 150. Jumla ni shilingi 1,050. Amepata vinyago sita, akaviuza shilingi 300 kila kimoja, akapokea shilingi 1,800. Moyo wake hufurahi, lakini fedha yake mwenyewe ni shilingi 750 tu, na ikiwa kazi ilichukua siku tano, basi ni shilingi 150 kwa siku. Mchuuzi akimwomba apunguze hata shilingi 100 kwa kinyago, yeye huona amepunguziwa theluthi moja. La! Atabaki na shilingi 150 kwa siku zote tano, yaani shilingi 30 kwa siku. Asiyeandika hatalijua jambo hili mpaka watoto warudishwe nyumbani kwa karo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko na jambo la mti wenyewe. Zamani walipenda mpingo kwa weusi wake na muhugu kwa ugumu na harufu yake nzuri. Lakini miti hiyo hukua polepole mno, na aikataye leo hataiona nyingine ya kimo hicho maishani mwake. Bandu bandu huisha gogo, na misitu ya Machakos na ya pwani imeshuhudia hivyo. Fundi anayemaliza mti wake ni kama mkulima anayekula mbegu.

Wenye busara wameanza kugeukia miti inayopandwa mashambani: mwarobaini huko pwani, na mjakaranda na mwembe huku bara. Mwarobaini hukua upesi, lakini mbao zake zikiwa mbichi hupasuka, kwa hiyo ni lazima zikaushwe taratibu na kwa uangalifu kabla ya kinyago kupelekwa mbali. Hapa mkulima anayesoma habari hii atega sikio. Mwembe uliozeeka usiozaa tena, ambao angeukata kuwa kuni, huenda una thamani kwa fundi. Na miche michache mpakani mwa shamba ni akiba isiyodai mshahara.

Tena wageni si watu wa kutegemewa daima. Baada ya machafuko ya uchaguzi, mapema mwaka wa 2008, watalii walitoweka, na mwaka wa 2020 maradhi ya korona yalifunga njia za dunia nzima. Nilimwuliza yule mzee waliishije. Akanijibu kwamba waliokuwa wakichonga twiga peke yake waliuza mbuzi wao, bali waliojua kuchonga pia miiko, vinu na vigoda vya kutumiwa na majirani walipata angalau unga.

Basi, kukua kwa biashara ndogo si siri iliyofichwa. Mtafute mnunuzi alipo, ungana na wenzako katika bei, andika kila senti, tunza asili ya mali yako, wala usiwe na mnunuzi wa namna moja tu. Tezo lilianzisha Wamunyu, lakini mengine haya yote ndiyo yatakayoamua kama mjukuu wa fundi atakuta kazi.

Nawe msomaji, ukipita njia hiyo, shuka kidogo. Chukua kinyago, kigeuze, utazame kama kina namba, na umwulize muuzaji ni cha mti gani na ulitoka wapi. Akikujibu bila kusita, usimpunguzie sana bei.