Watu wa kijiji walikimbilia wapi?



Jumamosi iliyopita mvua ilinikuta karibu na soko, nikaingia katika nyumba ya video. Nililipa franka zangu, nikakaa kwenye benchi katikati ya watoto. Grupe ilikuwa inanguruma nje, na filme ilikuwa ya wafalme wa zamani wa Ulaya: mapanga, ngome na joka.

Munazijua filme hizi za pesa kidogo. Joka linaruka bila kivuli chini. Nguo za chuma za askari zinajikunja kama karatasi wakikaa. Jeshi la watu elfu kumi ni watu kumi na tano wanaopita mbele ya kamera mara mbili. Wengine hata hawahangaiki kupiga picha mpya. Roger Corman, Mmarekani aliyejulikana kwa filme za bei ndogo, alikuwa nyuma ya Deathstalker ya mwaka 1983. Miaka miwili baadaye vipande vya filme hiyo vikaonekana tena ndani ya Wizards of the Lost Kingdom.

Tulicheka sana, na mimi pia nilicheka. Lakini kukosa pesa si kosa. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana na majirani zake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa zisizotosha kununua pikipiki, na watu wa nchi nyingi waliitazama kwa furaha.

Kosa nililiona katikati ya filme. Maadui wa mfalme walichoma kijiji. Watu walitoka mbio, mama mmoja na kikapu, muzee mmoja na fimbo, wakaingia porini. Haikufika hata dakika moja. Kamera ikarudi kwa mtoto wa mfalme na farasi wake. Mwishoni akakaa kwenye kiti cha baba yake, muziki ukapigwa, basi.

Mtoto aliyekaa karibu yangu, wa miaka tisa au kumi, akanigeukia. Mama yake alivuka kutoka upande wa Luiza mwaka 2017, wakati wa vita ya Kamwina Nsapu, akiwa amembeba mgongoni. Akaniuliza: « Papa, wale watu wa kijiji walikimbilia wapi? »

Nilikosa jibu. Nikamwambia filme haisemi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza hadithi yetu wenyewe. Musumba ni mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, na wazee wetu wana hadithi ya kiti isiyohitaji joka. Wanasema Nkond alikuwa anasuka mukeka, na pembeni yake kulikuwa na chungu cha maji. Wanawe Cinguud na Cinyam walirudi wamelewa, wakadhani ni pombe anawanyima, wakampiga baba yao. Kwa hiyo rukan, bangili ya ufalme, aliiacha kwa binti yake Ruwej. Kisha akaja Cibind Yirung, mwindaji wa Kiluba, mgeni. Ruwej akamwoa kuwa mume wake, na siku alizopaswa kukaa pembeni kama wanawake wa wakati ule, akampa ile bangili aishike.

Ndugu zake walikataa kutawaliwa na mgeni. Wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi.

Filme ingeishia hapo, mwindaji akiwa na bangili mkononi. Wazee hawaishii hapo, wanawafuata walioondoka. Wanajua kwamba Waimbangala wa Angola wanamtaja Cinguud katika asili yao, na Waluena wanamtaja Cinyam. Wachokwe nao wanahesabu asili yao katika safari hiyo, na ni mafundi wao, katika karne ya 19, waliochonga sanamu za Cibind Yirung, mwenye kofia kubwa na mikono yenye nguvu. Moja iko Berlin, nyingine iko Fort Worth kule Marekani. Watoto wa walioondoka ndio waliotuachia sura ya yule aliyebaki.

Kwa hiyo kwetu, aliyekimbia na mgeni aliyefika wote wamo katika hadithi ya ufalme. Ninawakumbusha hili wenzangu wanaonung'unika kwamba madeplase wamekaa sana. Aliyepewa bangili hakuzaliwa hapa.

Lakini usiku ule nilijiona na mimi pia. Mwaka 2017 watu zaidi ya 30,000 walikimbia Kasai na kuingia Lunda Norte, kule Angola. Wengine walikuja huku Kapanga. Mimi nilikuwa natuma habari: kijiji fulani kimechomwa, familia kadhaa ziko njiani, askari wamefika. Kisha muziki. Kesho yake nilizungumzia ziara ya mukubwa fulani. Sikumbuki hata mara moja niliporudi kusema zile familia zililala wapi. Nilikuwa natengeneza filme ileile, bila hata joka.

Siku ya tatu yake nilikwenda kwa mama wa yule mtoto. Nilimuuliza swali la mwanawe. Alinitajia majirani kumi na mmoja wa kijiji chake, mmoja mmoja. Wanne anajua walipo. Saba hajui mpaka leo.

Tangu siku ile, nikimaliza ripoti ninaacha dakika mbili kwa mtu mmoja aseme alitoka wapi, yuko wapi na anamtafuta nani. Anayetaka kuzungumza afike kwetu redioni, hakuna malipo. Na wewe unayesoma ukiwa Kolwezi, Dilolo au ng'ambo ya mpaka, ukisikia jina unalolijua, tuma habari. Kuna mtoto hapa anangojea jibu.