Ufukwe wa Nani?
Wanafunzi wangu wapandapo basi Msamvu kwenda kupumzika Dar es Salaam, huniuliza waende ufukwe upi. Nami huwauliza: mna shilingi ngapi? Mbudya na Bongoyo hudai nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi. Kunduchi, mchanga mwingi hufikiwa kwa kupitia hotelini. Coco, pale Oysterbay, huingia yeyote bila kulipa.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Hulinda mazingira, hakisemi mwananchi apite wapi kuufikia mchanga. Ndiyo maana huwaelekeza Coco: njia isiyopitwa na watu ndiyo huzibwa kwanza.