Uyoga Mwekundu wa Ruvu Kusini

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Ruvu ni maji. Ni mto unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, ni mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi na wa Ruvu Chini kule Bagamoyo. Anayelitaja jina hilo akikusudia msitu ni nadra. Mimi mwenyewe sikuwahi kuukanyaga msitu huo mpaka Juni iliyopita, masika yalipokwisha, nilipofunga safari kwenda Ruvu Kusini kutafuta uyoga unaoota kwenye miti iliyokufa.

Si uyoga wa kupika. Huu hauna mwavuli, na mara nyingi hauna hata mguu. Hujishikiza ubavuni mwa gogo, ukautandaza ukingo wake nje, ukakaa hapo miezi kadhaa, mvua ije, kiangazi kije. Wapita njia huuona na kuendelea na safari zao. Mimi nilitaka kuutambua: huu ni upi, unaota kwenye mti gani, na kwa nini upo hapa na si pale.

Nilipanda daladala ya Mlandizi pale Mbezi alfajiri. Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Kongowe, Visiga. Jua likachomoza tukiwa njiani. Mlandizi nikachukua bodaboda, tukashika barabara ya vumbi inayokwenda Mzenga, upande wa Kisarawe. Tulivuka reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, kisha reli ya SGR, ambayo abiria wa Morogoro walianza kuitumia Juni 2024. Baada ya hapo mashamba ya mihogo na mikorosho yakaanza kupungua, na vichaka vikazidi kufungamana.

Msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini una zaidi ya hekta 30,000, umekalia wilaya za Kibaha na Kisarawe, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1996 na ambaye hajulikani kuishi popote duniani ila katika vipande vya misitu ya pwani ya Tanzania. Nilikuwa na kibali mkononi, na kijijini nilipewa mwenyeji, mzee mmoja wa kamati ya maliasili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umetoka Dar kuja kuangalia uyoga. Unaliwa huo?"

"Hauliwi, mzee. Mgumu kama ngozi ya ngoma."

"Basi ni dawa."

Nikamweleza kwamba sikuja kutafuta dawa, nilitaka kuujua tu. Aliniangalia kidogo, akachukua panga lake, akasema twende kabla jua halijawa kali.

Hatukwenda mbali. Ukingoni mwa msitu palikuwa na uwazi mpana, udongo wake mweusi, mahali palipokuwa na tanuru la mkaa zamani. Kando yake lilikuwa limelala gogo, na ubavu wake wote ulioelekea jua ulikuwa umewaka rangi: vipande vyembamba vya nusu duara, vimepangana kwa safu, vyekundu vya kukaribia chungwa, kana kwamba mtu amevipaka rangi asubuhi ile. Mzee alisema anauona tangu utotoni na hajawahi kuugusa.

Rangi ndiyo inayokuvuta, lakini rangi peke yake haitoshi kuutambua uyoga wa namna hii. Juani hupauka, vikongwe huwa karibu vyeupe upande wa juu. Kazi yenyewe iko chini. Ukiugeuza, hukuti zile kurasa nyembamba zilizo chini ya uyoga wa kawaida. Unakuta uso laini, na ukiweka lenzi uso huo unageuka kuwa vitundu vidogo vingi. Kila kitundu ni mdomo wa mrija mfupi, na chembe za uzazi hudondoka humo kwenda na upepo. Niliweka rula yangu juu yake na kuhesabu: vitundu vitano, pengine sita, katika milimita moja. Nikakata kipande kwa kisu. Nyama yake ilikuwa nyembamba, na nyekundu mpaka ndani.

Hapo jina likaanza kujitokeza. Uko uyoga ndugu yake katika nchi za baridi, Pycnoporus cinnabarinus, wenye rangi ile ile, lakini nyama yake ni nene zaidi na vitundu vyake vikubwa, vitatu au vinne kwa milimita. Huu wa kwetu ni Pycnoporus sanguineus, wa nchi za joto duniani kote. Linnaeus aliuandika mwaka 1763 kwa vielelezo vya Suriname, na siku hizi wataalamu wengi huuweka katika jenasi ya Trametes. Wekundu wake unatokana na kemikali ambazo huzuia bakteria, jambo ambalo limewavutia watafiti katika mabara kadhaa.

Lakini uyoga wa gogo hautambuliwi bila gogo lake, na hapo mwalimu alikuwa mzee. Gogo halikuwa na jani wala ganda. Alilipiga panga mara mbili, likatoa mlio wa chuma. Akabandua ule weupe wa nje, uliokuwa umelainika na kuchanika nyuzi nyuzi, na chini yake kukatokea kiini cheusi, kikavu, kizima kabisa.

"Mpingo," akasema. "Huyo uyoga anakula nyama, mfupa hauwezi."

Ndivyo ilivyo. Weupe wa mpingo huoza upesi. Kiini chake kimejaa kemikali ambazo kuvu wengi hawaziwezi. Uyoga huu hutoa vimeng'enya vinavyovunja lignini, gundi ngumu inayoupa mti nguvu, na mbao inayobaki huwa nyeupe na laini. Ni viumbe wachache sana wenye uwezo huo. Bila wao, mti ukianguka leo ungebaki hapo vizazi na vizazi, na rutuba yake imefungwa ndani.

Tuliingia kivulini. Nilitegemea kuuona tena, kwa sababu magogo yalikuwepo, na mengine ya ukubwa ule ule. Haukuwepo. Badala yake, kwenye vijiti vilivyooza chini ya miti mikubwa, niliukuta Microporus xanthopus, mdogo, wenye umbo la faneli, miduara ya kahawia juu na kikonyo chenye njano chini. Vitundu vyake havionekani kwa jicho tupu. Mbele zaidi palikuwa na mwingine, mnene, wa rangi ya kutu, ambao tone la hidroksidi ya potasiamu liliugeuza mweusi papo hapo. Hiyo ni dalili ya jamaa za Phellinus, na jina kamili litahitaji hadubini. Tulipotoka upande wa pili, penye uwazi mwingine uliokatwa miti na kuchomwa, wekundu ukarudi.

Hilo ndilo nililoondoka nalo Ruvu. Uyoga mwekundu hupenda jua, hupenda magogo yaliyo wazi na hata yaliyopitiwa na moto. Mahali unapojaa, paa la msitu limefunguliwa. Nilimwambia mzee, naye akasimama kufikiri, kisha akaanza kunitajia kwa vidole sehemu anazokumbuka kuuona, na kila aliyoitaja aliitaja pamoja na tanuru lake.

Akaniambia jambo lingine. Miti iliyokufa ndiyo inayochukuliwa kwanza, kwa sababu watu wanaona haina mwenyewe. Anayekata mbichi anajua anavunja sheria, anayeburuta mkavu hajioni mkosaji. Mimi naona kamati za vijiji zingefaa kuyahesabu magogo hayo kama zinavyohesabu miti iliyosimama, hasa ya kivulini, maana uyoga wa kivulini hauna pa kuhamia.

Nyumbani niliviweka vielelezo juu ya karatasi nyeusi usiku kucha, na ule mwekundu ukaacha unga mweupe, kisha nikavikausha. Nikaulinganisha na kitabu cha Leif Ryvarden na Inger Johansen cha mwaka 1980 kuhusu kuvu wa aina hii Afrika Mashariki, kikakubaliana na rula yangu. Kwenye lebo nimeandika jina, wilaya, mwezi na mti. Chini yake, kwa ombi la mzee, nimeongeza: juani, kando ya tanuru la zamani.