Kura ya vocha na kipigo cha Jack Bauer

Leo siasa nimeziweka kabatini. Nina wiki mbili nyumbani Maramba, mvua haikatiki, na jioni zangu zote zimeishia kwenye mashindano ya kusaka vipaji na tamthilia za mapigano, mpya na za zamani, kwa hisani ya flashi za wadogo zangu. Sasa nina maoni tele, lazima niyatue mahali.

Nianze na majaji. Wengi husema jaji mkali ndiye utamu wa shindano. Mtindo huu tumeupokea kutoka nje: Simon Cowell alijijengea jina kwenye Pop Idol ya Uingereza (2001) na American Idol (2002) kwa kumwambia mtu usoni kwamba hajui kuimba. Bongo Star Search ikatupa Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir. Kule Nairobi, Tusker Project Fame wakawa na Ian Mbugua, ambaye akinyanyua nyusi tu mshiriki anaanza kulowa jasho. Mie sina ugomvi na jaji msema kweli. Master Jay ni prodyuza, kala chumvi nyingi studio. Akisema sauti imepotea, basi imepotea. Ugomvi wangu ni na ile sehemu ya usaili, pale watu wasiojua kuimba wanapopitishwa mbele ya kamera makusudi ili sisi tucheke.

Kuna kijana hapa kwetu, jina nalihifadhi. Alikuwa anaimba kila harusi, kuanzia Maramba mpaka Daluni. Sauti yake haikuwa ya maajabu, lakini bibi harusi asipoimbiwa na yeye alikuwa ananuna. Mwaka mmoja akajikusanyia nauli, akapanda basi kwenda kwenye usaili wa shindano fulani (msiniulize lipi). Woga ukamkaba, sauti ikakatika katikati. Sekunde kama ishirini hivi. Wakazirusha zote, na juu yake wakabandika mlio wa kuchekesha kama wa katuni. Banda la video siku hiyo lilijaa mpaka dirishani, watu walimshangilia alipotokea, halafu kicheko kikaanza, kikawa hakiishi. Aliporudi alikuta watoto wanamwigiza njiani.

Hajaimba harusi tena. Siku hizi anapakia machungwa kwenye malori. Juzi nilimuuliza, akanijibu, "Dada, yale yalishapita," akanyanyua gunia lingine.

Najua mtaniambia alisaini fomu. Sawa, alisaini. Lakini alisaini kuimba.

Tuje kwenye kura. Hivi kura ambayo mtu mmoja anaweza kuipiga mara hamsini, ilimradi ana vocha, ni kura ya nini? Mwenye mjomba mwenye duka ameshamzidi mwenye sauti. Kwenye mashindano ya nchi nyingi ni balaa zaidi, kwa sababu tunapigia bendera. Tusker Project Fame ilikuwa na misimu sita kati ya 2006 na 2013: Kenya ilishinda mara mbili (Valerie Kimani na Ruth Matete), Uganda mara mbili (Esther Nabaasa na Davis), Rwanda mara moja (Alpha Rwirangira) na Burundi mara moja (Hope). Sisi sifuri. Peter Msechu alifika karibu mwaka 2010 akawa wa pili, kama alivyokuwa wa pili nyuma ya Paschal Cassian kwenye Bongo Star Search ya 2009. Wa pili mara mbili, na bado jina lake linajulikana kuliko la washindi kadhaa. (Big Brother siihesabu, kula na kulala si kipaji, ingawa Richard alitubebea dola 100,000 mwaka 2007 na siku ile hata mimi nilipiga vigelegele.)

Upande wa mapigano, sisi tuliokulia kwenye banda umiza tulilelewa na Lufufu, yule bwana aliyekuwa anatafsiri filamu kwa Kiswahili huku akiongeza na vya kwake. Kwa hiyo ngumi na risasi hazinitishi. Kinachonitisha ni 24. Nimeirudia tena, na bado mtu huwezi kuizima: kila sehemu ni saa moja ya siku ileile, saa ya ukutani inakimbia na moyo wako nao unakimbia. Ila hesabuni mateso. Parents Television Council ya Marekani ilihesabu matukio 67 katika misimu mitano ya mwanzo. Msimu wa nne, Jack Bauer anamtesa Paul Raines kwa nyaya za taa, na Paul hana hatia! Hadithi inasonga mbele kana kwamba amemkanyaga mguu kwenye daladala.

Msidhani ni uswahili wangu tu. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan wa chuo cha kijeshi cha West Point aliwafuata watengenezaji wenyewe kuwaambia wapunguze, kwani wanafunzi wake walianza kuamini kwamba mateso ndiyo njia. Sasa kama jenerali wa West Point aliona shida, sisi tunaotazama hapa karibu na kambi ya JKT tusemeje? Wiki iliyopita alikamatwa mwizi wa kuku, na vijana wawili wakapendekeza afanyiwe "kama Jack." Walikuwa wanatania. Lakini mie nimekaa mahakamani na daftari langu, nimewasikia washtakiwa wakisema walikiri kwa sababu ya kipigo, na hakuna aliyekuwa anatania.

Halafu kuna ile 24: Redemption ya 2008. Wametunga nchi ya Afrika inaitwa Sangala, na mbabe wa mapinduzi wakampa jina la Juma. Juma! Huku kwetu ukiita Juma sokoni wanageuka kumi. Msimu wa saba huyo Juma anavamia Ikulu ya Marekani, na banda zima linamshangilia Jack.

Ukiniuliza nichague, nachukua Prison Break, msimu wa kwanza tu, ule wa 2005. Scofield anatumia akili, ramani kaichora mwilini, na hana haja ya kumchoma mtu kwa nyaya kila baada ya nusu saa. Ukipewa flashi yenye misimu yote, angalia mpaka wanapovuka ukuta, halafu zima.