Bunduki ya 1885 haivai darubini ya juzi

Wacha niseme kitu ambacho wasee wengi tunaofanya 3D hatupendi kusikia. Kazi zetu nyingi zinaharibikia kwa vitu vidogo, na tunajitetea na swali moja: "Kwani nani ataona?" Ataona. Kuna mtu mahali ambaye hicho kitu chako ndicho maisha yake, na akikiona kiko vibaya hatakuandikia kukuelezea. Atafunga na aende zake.

Kwa wale wapya: mimi hutengeneza vitu vya gemu kwa Blender, nikiwa Roysambu, na kompyuta ambayo feni yake hulia kama boda inapanda mlima. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilipogoma. Sina cheti cha kutuma mtu anaponiuliza mimi ni nani. Nina kazi tu, na kazi lazima iongee.

Miezi michache iliyopita mteja wa Marekani alinipa oda: bunduki ya risasi moja, Winchester ya 1885, ikiwa na darubini ya kizamani juu. Gemu yake iko miaka ya 1890. Malipo yalikuwa kodi ya miezi miwili, na wakati huo nilikuwa na deni la mwezi mmoja na nusu. Mama aliposikia akauliza, "Bunduki? Ndizo uliachia chuo?" Nikamwambia Mama, hii ni picha tu. Akanyamaza kile kimya chake cha kusema yote.

Na ana haki. Mimi sijawahi kushika bunduki, na sina hamu. Hapa kwetu bunduki ni ya soja wa benki na ya karao mnapokimbizwa. Hata uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, kwa hivyo hakuna babu wa kuniketisha anionyeshe. Kila kitu nilikitoa kwa michoro ya hataza, picha za makavazi na vidio za wazee wa Marekani wanaoongea kuhusu mtutu mmoja kwa saa mbili.

Bunduki yenyewe haikunisumbua. Iliundwa na John Browning, aliyepata hataza mwaka wa 1879, kisha Winchester wakanunua haki na kuitoa kama modeli ya 1885. Ukivuta wenzo wa chini, kipande kizito cha chuma kinashuka, unaingiza risasi moja kwa kidole, unarudisha wenzo, basi. Ukikosa, unaanza upya. Michoro ya hataza iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Shida ilikuwa darubini. "Ya kizamani" si neno moja.

Ukitafuta modeli za bure, utaona wasee wamebandika darubini fupi, nene, nyeusi, juu ya reli yenye meno. Ile reli inaitwa Picatinny, na kiwango chake cha kijeshi ni cha 1995. Kuiweka kwa bunduki ya 1885 ni kama kumvalisha Mekatilili viatu vya Nike. Hiyo nikaitupa nje mapema.

Zikabaki aina mbili. Ya kwanza ni ile ya William Malcolm wa Syracuse, New York, aliyeanza kutengeneza darubini za bunduki miaka ya 1850. Ni bomba refu, jembamba, karibu urefu wa mtutu wenyewe. Leo kampuni ya Hi-Lux inauza mpya za mtindo huo kwa wanaopenda bunduki za zamani, bomba la robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19. Darubini nyingi za kisasa huanzia milimita 25.4. Hiyo tofauti ndogo ukiikosea, macho yanakataa hata kama hujui kwa nini.

Ya pili ni mtindo wa Unertl wa Pittsburgh. Hii pia ni ndefu, lakini kishikio cha nyuma kina vifundo viwili vya mikromita vinavyobofya, na nyingi zina springi inayozunguka bomba. Manze, ni safi. Ndiyo mteja alinitumia kama picha ya mfano. Lakini Unertl alianza miaka ya 1930. Gemu ni ya 1890.

Sasa hapa ndipo vishikio vinakuwa muhimu kuliko darubini. Kwa darubini za leo, marekebisho yako ndani ya bomba. Unazungusha kifundo, vitu vinasonga ndani, bomba limetulia. Kwa hizi za zamani, marekebisho yako kwa vishikio. Ukitaka kulenga mbali zaidi, unainua bomba zima upande wa nyuma. Kile cha mbele kinakuwa kama bawaba.

Kwa hivyo hata umbali kati ya vishikio viwili ni hesabu, si urembo. Kwa zile za mikromita, ukiviweka inchi 7.2, mbofyo mmoja wa nusu ya elfu moja ya inchi unahamisha shabaha robo inchi kwa umbali wa yadi 100. Vitenganishe hadi inchi 14.4, na mbofyo uleule unakuwa thumni ya inchi. Mtu anayepachika vishikio "pale panakaa poa" amebadilisha bunduki bila kujua.

Kuna mkono pia. Winchester ya 1885 ina nyundo iko nje, nyuma ya chumba cha risasi, na lazima kidole gumba kiifikie. Na risasi inaingizwa kutoka juu kwa nyuma, pale kile chuma kimeshuka. Risasi ya .45-70 ina urefu wa karibu inchi 2.5. Bomba likilala chini sana, vidole havipiti. Likiwa juu sana, shavu linatoka kwa kitako na shingo inakuwa kama ya twiga. Nikatengeneza mkono, nikaupa risasi, nikaupitisha pale mara nyingi hadi nikapata kimo kinachokubali yote mawili. Vishikio nikavikalisha kwa mitaro ya mtutu, ile mipana chini na myembamba juu, ambapo chuma kinaingizwa kwa ubavu na kinashika chenyewe. Bunduki hizo zilikuwa na mitaro hiyo tayari kwa ajili ya vilengeo vya kawaida, kwa hivyo huhitaji kutoboa chochote.

Nikamwandikia mteja: napendekeza Malcolm, si ile ya picha yako. Akajibu kwamba anataka vile vifundo kwa sababu mchezaji akivisikia vikibofya anafurahi. Hoja yake ilikuwa na maana. Gemu ni ya kufurahisha watu.

Ningesema sawa bosi, nichukue doo, nilipe landilodi. Nikakaa na hiyo simu mkononi muda. Halafu nikamtumia vidio ya sekunde nane: mkono unainua kishikio cha nyuma, bomba lote linapanda polepole, kama mtu anayeinua kichwa kusikiza. Nikaandika, hii ndiyo furaha ya 1890, na hakuna gemu nimeona inaionyesha. Ukisisitiza vifundo nitaviweka, lakini miaka iwe ya 1930.

Siku tatu, kimya. Landilodi alipiga mara mbili. Siku ya nne jibu likaja: "Tumia Malcolm." Hakuna sifa, hakuna emoji. Pesa iliingia wiki iliyofuata, na nyuma yake oda ya taa ya mafuta ya meli. Sai nasoma kuhusu tambi.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunaofanyia watu wa mbali kazi huwa tunadhani tunashindana kwa bei. Kwa bei kuna mtu mwingine mahali atafanya kwa nusu yako, na kuna programu itafanya bure. Kile ambacho bado ni chako ni kujua kwa nini kitu kimekaa vile kimekaa. Hiyo haihitaji digrii, ingawa kama una karo, kaa chuo, sikudanganyi. Inahitaji bando, daftari, na roho ya kuuliza swali la kijinga mara kumi: hii inashikwa wapi? Inasonga vipi? Mkono unapita?

Na ukishajua, sema. Kwa heshima, na ushahidi mkononi, hata kama kodi imechelewa. Mteja anaweza kukataa, hiyo ni haki yake. Lakini usimnyime nafasi ya kukusikia eti kwa sababu unaogopa kuonekana unajua sana.

Mama bado hapendi bunduki. Taa ya meli nilimwonyesha juzi, akaishika simu karibu na uso, akauliza hiyo tambi inapandishwa na nini.